Kitunga cha Maua Kilichoenda Runingu

Minye sikusoma. Hata jina yangu nilikuwa naiweka kwa kidole, na kidole chenyewe kilikuwa kinatetemeka. Lakini miguu yangu ilisoma. Miguu yangu ilimaliza masomo yote. Ile wakati ya Wabelgiji, mbele ya uhuru, hapa Uvira hakukuwa muntu wa kunipita kwa kukimbia na maua. Ukiniambia "peleka ku Kalundu", mbele ufunge mudomo minye nimekwisha kurudi, na jasho imekauka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa Madamu mumoja, muzungu, mujane, aliyekaa Mulongwe, pale juu kidogo ambapo mto ukifurika haufike. Alilima maua vile sisi tunalima muhogo, mistari kwa mistari. Basi muzungu aliye Bulaya akikumbuka dada yake aliye hapa Uvira, anaenda kwa muuza maua wa kwao kule, analipa. Yule wa kule anatuma telegrame ku posta yetu. Posta inaita Madamu. Madamu anakata maua ya hapa hapa, anafunga, ananipa minye. Dada wa muzungu anapokea maua ya kaka yake wa Bulaya, na maji ya Mulongwe iko bado inadondoka chini.

Mwanzo sikujua hiyo. Nilifikiri maua yanapita ndani ya waya. Juma nzima nilitembea nikiangalia juu, nione kama ua moja litakwama ku muti wa simu. Niligonga mbuzi watatu na mwalimu mumoja.

Lakini ile kazi iliniharibu, nisikufiche. Samaki unaweza kuanika. Nyama unaweza kuchoma. Ua, siku umelikata, linaanza kufa mukononi mwako, na weye unakimbia nalo kama muntu amebeba mugonjwa. Nilikuwa siwezi tena kukaa. Ku misa, padri akisema tupige magoti, goti moja linapiga, lingine linataka kutoka inje. Mama yangu alinipa bugali nikiwa nimesimama, kama farasi.

Siku moja nilipeleka maua kwa mwanamuke wa kizungu, kule Kalundu, karibu na bandari. Bwana yake alikuwa amekwenda Bulaya na kukaa kimya, na yeye alikuwa amekasirika mupaka mbwa yake ilikuwa inalala kwa jirani. Nikamupa maua. Akasoma kakaratasi kalikokuwa ndani. Akalia. Akacheka. Akazunguka ku baraza kama anacheza na muntu asiyeonekana, na minye nikapewa kopo nzima ya sardini. Nikajisemea: eh! Hii si majani. Hii ni dawa.

Sasa, minye nilikuwa na ugonjwa ambayo ilitaka hiyo dawa. Ku Runingu, kule ku bonde la Ruzizi, kulikuwa binti mumoja. Sitasema alikuwa muzuri namna gani, hamutaniamini. Niseme tu kwamba siku alipita kando ya shamba la pamba, pamba yote ilipasuka mbele ya wakati wake. Nilikuwa nimekwisha kupeleka kasiksi, ile pombe ya ndizi, mara mbili, na baba yake alikunywa vizuri. Lakini kulikuwa mwingine. Mulimaji wa Katogota, muntu munene mwenye kofia ya kizungu, na yeye alikuwa na ng'ombe. Minye nilikuwa na velo, baiskeli, tena ya Madamu.

Baba ya binti akatuma neno: "Siku ya mungu, nyuma ya misa, nitatoa jibu. Wote wawili mukuye."

Na kwetu, mbele ya siku ya jibu, lazima kitu chako kitangulie. Hauwezi kuingia ku baraza ya muntu kama upepo. Lakini ile siku ya posho, Jumamosi, bazungu walikuwa na harusi, na minye nilikuwa na maua ya kupeleka Usumbura na kurudi. Nilikuwa natembea ku bustani, naenda, narudi, mupaka Madamu akanifokea.

"Weye iko na siafu mu suruali?"

Nikamuelezea. Akanisikiliza, makasi mukononi, kisha akacheka.

"Tuma maua, bwana! Sisi wazungu tunafanyaka vile. Tena usipeleke weye. Tuma muntu. Utamu iko pale: maua inafika, weye haufike."

Akanikatia mwenyewe. Waridi nyekundu, waridi nyeupe, na zile dalia kubwa kama kichwa ya mutoto. Akaziweka mu kitunga chake kizuri cha Bulaya, chenye mukono wa kusukwa. Akasema, "Lakini kitunga yangu irudi."

Nikampa dereva wa kamyo ya pamba, rafiki yangu, aliyekuwa anapanda bondeni. Nikamwambia, "Ukifika Runingu, mupe shangazi ya binti, anauzaka ndizi pale ku barabara. Sema ni mimi mukwe wao nimetuma." Akaweka kitunga kando yake, akaondoka, na vumbi yake ikanifunika.

Vumbi haijashuka, akili ikakuya. Unajua akili yangu ilikuwa na miguu mifupi, inafikaka nyuma.

Kwetu, kitu mukwe ametuma kinaonjwa. Mama wa binti anaonja, shangazi anaonja, baba anaonja. Wakionja, wamekupokea. Wasipoonja, kitunga kinarudi vile kilikuya, na hauitaji kuelezewa: mulango umefungwa. Sasa waridi inaonjwa namna gani? Nilikuwa nimetuma kitu ambacho hakiwezi kuonjwa! Nimejifungia mulango kwa mukono wangu, na ufungo nimetupa mu ziwa. Tena nimetuma bila muntu wa kunisemea. Kasiksi haina mudomo, lakini kila muntu anajua inasema nini. Ua litasema nini ku Runingu?

Nikapeleka maua ya harusi kule Usumbura. Sikumbuki njia. Wanasema nilimupa mulinzi maua ya bibi harusi na nikamwambia "Mungu awabariki." Kurudi, kitunga hakijarudi. Dereva nikamukuta ku Kavimvira anatengeneza gurudumu.

"Ulitoa?"

"Nilitoa."

"Walisema nini?"

"Shangazi aliangalia ndani, akasema, 'Eh! Mingi hivi!' Minye nikapiga honi, nikaenda. Pamba haingoji shangazi."

Mingi hivi. Nilitafuna lile neno usiku kucha.

Asubuhi ya siku ya mungu nikapanda velo. Nilikanyaga mupaka kuku wa Kavimvira walibaki bila manyoya. Ku Kiliba kiboko alikuwa anavuka barabara, akaniona, akarudi mu maji kungoja nipite. Misa sikusikia, Mungu anisamehe. Moyo wangu ulikuwa unaniuliza kitu kimoja tu: kitunga kiko wapi, na ndani muko nini?

Nikafika Runingu. Mbele nione nyumba, nikasikia harufu. Mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, inachemka, hiyo naijua. Lakini ndani ya ile harufu kulikuwa harufu nyingine, kama sabuni ya mwanamuke wa muzungu. Miguu yangu, ile iliyosoma, ikakataa kwenda.

Ku lupango, mu uwanja wa nyumba, wanaume wamekaa. Baba mukwe ku kiti chake. Yule wa Katogota kando yake, kofia ku goti. Kitunga cha Madamu kimetundikwa ku ukuta, tupu! Shangazi akatoka jikoni na sufuria.

"Karibu, mukwe! Umefika wakati muzuri. Mboga yako njo hii. Mama mukwe wako ameamuka mbele ya majogoo. Alichambua, alipondaponda kama sombe ya majani ya muhogo, alichemsha maji mara tatu, na uchungu haijatoka yote. Lakini alisema, 'Kitu mukwe ametuma, mu nyumba yangu hakitatupwa.'"

Akafunua. Wandugu! Waridi za Madamu zilikuwa zimelala mu mafuta ya ngazi na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, juu yake. Dalia zilikuwa zimekuwa nyeusi kama tope ya Ruzizi. Ilikuwa bado inachemka, blup, blup, inaniangalia.

Mama mukwe mwenyewe hakutoka. Kwetu mama mukwe na mukwe hawaonane macho. Alikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, na nilijua iko pale sababu kivuli chake kilikuwa kinaonekana chini ya mulango, na hakikutingizika.

Bugali ikaletwa. Maji ya kunawa ikapita. Yule wa Katogota akanawa, akakata bugali, akachovya, akaweka mu mudomo. Uso wake ukajikunja kama ngozi karibu na moto. Akatema mu mukono. Halafu akaanza kucheka.

"Baba, hii si mboga! Hii ni maua! Bazungu wanawekaka juu ya makaburi! Mama amepika makaburi!" Akapiga goti, kofia ikaanguka. "Ku Katogota nikielezea hii, watakufa na kicheko!"

Hakuna muntu aliyecheka. Shangazi alibaki na kijiko hewani. Chini ya mulango, kile kivuli kikashuka polepole, kama muntu amekaa chini.

Baba mukwe akageuka kwangu. Hakukasirika. Hiyo ilikuwa mubaya zaidi.

"Mukwe. Ni weye umetuma. Hii ni mboga, ao si mboga?"

Ah, wandugu. Minye muntu wa uongo, minye niliyesema nimeona mamba amevaa viatu, ile siku uongo ulinikimbia wote. Nikisema kweli, mama yule atakuwa "mama aliyepika makaburi" mupaka siku ya kufa kwake, kutoka Runingu kufika Katogota. Na ni mimi nilimufanya vile, na Kizungu changu cha kuazima. Nikisema uongo, yule mwenye kofia ataita dereva, ataita catechiste, ataita padri, na binti nitamusikia tu ku habari.

Mukono wangu ukajibu mbele yangu. Nikakata bugali kubwa kama ngumi. Nikachovya mu sufuria mupaka mafuta ikafika ku kifundo. Nikaweka.

Ndugu yangu, ilikuwa uchungu! Ulimi ulirudi nyuma ukajificha karibu na tumbo. Machozi ikatoka kwa jicho moja tu, lile lingine lilikuwa limefungwa. Na mwiba mumoja ukanichoma hapa, ku ufizi, ukakaa.

"Baba," nikasema, "sisi watu wa Uvira tunakulaka. Hii ni ya siku kuu. Ila mama ameipika vizuri kupita wa kwetu. Wa kwetu hawawekake ndagala."

Nikakata tena. Shangazi akakaa, akachovya. Baba mukwe akaniangalia, halafu na yeye akakunja mukono wa shati na kuchovya. Tukakula. Ulikuwa unasikia meno tu, na mara kwa mara muntu akivuta pumzi kama mwenye kuvuka maji baridi. Yule wa Katogota alibaki na mukono wake umekunjika, na kile alichotema ndani, hajui atakiweka wapi.

Sufuria ikaisha. Baba mukwe akanawa, akapangusa mudomo, akamugeukia yule wa Katogota.

"Ng'ombe zako ni nzuri, baba. Ziende salama." Basi.

Nyuma ya ukuta nikasikia muntu anafuta mapua.

Wakati wa kurudi, baba mukwe akanisindikiza mupaka barabarani, minye nasukuma velo, yeye mikono mugongoni. Alikuwa anatembea na kufinya-finya shavu yake. Tukifika ku barabara akasimama.

"Mukwe. Minye nilifagiaka kanisa ya misioni miaka mingi. Maua nayajua. Waridi nayajua vizuri, nilikuwa nabadilisha maji yake." Akaingiza kidole mu mudomo, akachokoa nyuma kabisa, akatoa mwiba, akauangalia. "Siku ingine, leta kasiksi."

Kitunga kilirudi na minye, na hakikurudi tupu. Mama mukwe aliweka maharagi na kuku mumoja mweupe amefungwa miguu. Nikafikisha kwa Madamu, naye alikuwa anangoja ku mulango, amesahau harusi ya jana, anataka habari.

"Walipenda maua?"

"Sana, Madamu. Hawakubakiza hata moja."

Akapiga makofi kama mutoto. Yule kuku, Madamu hakujua afanye naye nini, akamufungua atembee ku bustani. Mbele ya juma kuisha, yule kuku alikuwa amekula miche yote ya dalia. Nikafikiri, basi, ni ukoo mumoja.

Nilioa. Mama mukwe, kila siku kuu, alikuwa anatuma neno: mukwe alete ile mboga ya Uvira. Nami kila mara nilikuwa na sababu: mvua ilikuwa mingi, mvua ilikuwa kidogo, panya, nzige. Nilimaliza wanyama wote.

Na bibi yangu? Watoto walikuwa wamekwisha kuwa wawili, siku moja anapanga sanduku lake, nikaona ndani ya nguo waridi moja, imekauka, nyeusi, bapa kama kikaratasi. Nikamuuliza imetoka wapi.

"Ku kitunga chako. Niliitoa mbele mama aamuke."

"Kumbe ulijua ni maua?"

"Nilijua."

"Na ukamuacha mama apike?"

Akakunja nguo yake, akaifunika.

"Jibu la baba lilikuwa la baba. Minye nilikuwa nyuma ya ukuta na mama, nilitaka kusikia weye utamufanya nini."

Tangu ile siku, nikikaa mu kiti, nafikiri pengine ananipima tena, na mguu wangu unacheza peke yake. Yeye anafikiri ni uzee.