Jino Jeupe Kabla ya Maulidi

Nilichaguliwa kusoma mlango mmoja wa Maulidi pale mtaani kwetu Dunda, mimi niliyejifundisha kusoma mwenyewe kwa juzuu kuukuu. Furaha ilinikosesha usingizi. Lakini jino langu la mbele lilikuwa na tundu jeusi, na binamu yangu hakuacha kunitania.

"Msomaji wetu, mbona duka liko wazi na bidhaa hamna?"

Nikaenda Dar es Salaam kwa daktari wa meno. Hakuliziba kwa ile dawa ya rangi ya fedha. Alipaka dawa laini, nyeupe, ikagandana na jino, akanipa kioo. Sikuliona tundu! Nilicheka mbele ya kile kioo mpaka nikaona haya.

"Urudi baada ya wiki tatu," alisema, "uniambie baridi na moto vinakufanyaje."

Nyumbani nikaingiwa na hofu kwamba jino litabadilika rangi. Tambuu ya bibi, inayotia meno wekundu, nikaikataa. Nikalisugua kwa mswaki na unga wa mkaa, mara sita kwa siku, kila sala na mara moja ya ziada. Wiki ya pili, maji ya mtungi yakawa yananichoma hadi jichoni. Sikumwambia mtu. Niliogopa daktari atalitoboa upya na kuniwekea ile dawa ya fedha, na Maulidi iko mlangoni.

Siku ya kurudi akaniuliza, "Linauma?"

"Hata kidogo, daktari."

Akalipuliza kwa kibomba chake cha hewa. Niliruka kitini nikamkanyaga mguu.

"Hata kidogo, eh?" Akalichungulia. "Dawa yangu imeshika vizuri, haina ufa. Ila fizi umeila, mzizi uko nje. Unasugua na nini?"

Nikaungama yote, pamoja na zile mara sita.

"Nani kakufundisha?"

"Mwenyewe."

"Basi jifundishe kuacha. Mkaa kwaheri. Mswaki laini, asubuhi na usiku."

Nilitii, ingawa mkono uliniwasha kusugua. Maumivu yakapungua siku hadi siku.

Siku ya Maulidi, kabla ya zamu yangu, bibi alinipa kata ya maji ya mtungi. Nikayapitisha makusudi juu ya lile jino. Nilisikia baridi, na harufu ya udongo na udi, basi. Nikakaa mkekani, nikafungua kinywa chote.

"Duka limejaa!" binamu akanong'ona nyuma yangu, nami nilikuwa nimeshaanza kusoma.