Ofisi Haina Eda

Maji yetu yalikatwa siku moja kabla ya arubaini ya baba. Nalisema hili mwanzo kwa sababu miaka mingi imepita na hasira yangu haijapoa, wala sitaki ipoe.

Zama hizo za Mwingereza tulikuwa tukikaa Likoni, na baba alikuwa fundi cherehani mwenye kiduka chake ng'ambo, mjini. Bili za maji zilikuwa zikiletwa dukani, naye kila mwezi hupitia ofisi akalipa kabla ya kupanda feri kurudi nyumbani. Sisi hatukuwahi kuiona bili hata moja. Alipofariki, duka lilifungwa, na bili mbili zikasukumwa chini ya mlango usiofunguliwa na mtu. Hilo lilikuwa kosa letu, na mama hakulikana hata siku moja.

Mfanyakazi wa maji alipokuja alikuta wanawake wameketi uani wanachambua mchele wa hitima. Akayafunga maji kwenye mita, akatia muhuri wa risasi, akanipa karatasi nikaipokea. Hata pole hakusema. Arubaini ya baba tuliisoma kwa maji ya kuazima, majirani wakipokezana madebe tangu alfajiri, na mimi nikiona aibu.

Nilikuwa nimeolewa mtaa wa pili, lakini nilirudi kukaa na mama mpaka eda yake iishe. Kwa hiyo ni mimi niliyevuka kesho yake kwenda kulipa. Nililipa bili zote mbili, nikapewa risiti, nikadhani yamekwisha. Karani akaniambia bado. Ipo ada ya kufunguliwa maji, na juu yake ipo ada ya ofisi. Zote mbili zilizidi lile deni lenyewe.

"Ada ya ofisi ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kuandika."

"Kuandika nini?"

"Kwamba mmelipa ada ya kufunguliwa."

Sikucheka. Akaendelea kusema kwamba jina kitabuni ni la mwanamume aliyekufa, basi mjane wake aje mwenyewe atie sahihi, au dole gumba kama hajui kuandika. Nikamweleza kuwa mama yuko edani, hatoki nje kwa miezi minne na siku kumi. Karani yule hakuwa mgeni wa mji, alijua vizuri eda ni nini. Akafunga kitabu chake, akasema, "Ofisi haina eda, bibi."

Nilirudi nikamsimulia mama neno kwa neno. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, kavaa nguo zake nyeupe zisizo na manukato, na mjomba wangu, kaka yake, alikuwepo. Mimi, kusema kweli, nilitaka tulipe yaishe. Nilikuwa tayari kuuza bangili yangu. Mjomba naye akasema kwamba kwa dharura mjane anaruhusiwa kutoka.

"Dharura ni moto na maradhi," mama akajibu. "Karani si dharura."

"Dada, utaishije bila maji?"

"Dawa ya deni ni kulipa. Nimelipa. Kufungua sikulipi, kwani sikufunga mimi. Na nde ya mlango huu sitoki. Mume wangu alinikalisha kwa heshima, na eda yake nitaimaliza kwa heshima, wallahi, hata niwe nakoga kwa umande."

Kisha akatuambia tuondoe mbao za kule uani.

Chini ya mbao zile kulikuwa na kisima alichochimba baba mwaka waliohamia. Mfereji ulipoingia nyumbani alikifunika, akaweka juu yake mawe ya kuanikia nguo. Mimi nilikuwa nimekisahau kabisa. Mjomba alishuka kwa kamba siku ya pili, na sisi wanawake tukawa juu tunavuta madebe ya matope, mikono ikituchubuka. Mama alisimama kando akituamrisha. Kutoka hakuruhusiwa, lakini uani ni kwake, na pale uani alikuwa jemadari. Tuliteka mpaka matope yakawa maji machafu, na maji machafu yakawa maji. Tukatia chokaa, tukangoja. Mama akawa wa kwanza kuonja.

"Yana chumvi kidogo," akasema. "Chumvi si dhambi."

Habari zilienea. Katika mtaa ule hatukuwa peke yetu tuliofungiwa. Alikuwapo mama mmoja muuza mahamri ambaye alikuwa amelipia kufunguliwa mara mbili mwaka uleule, na bado akafungiwa tena. Alikuja na ndoo yake, akaja na jirani zake. Uani petu pakawa na msafara kuanzia asubuhi, na mama hakumtoza mtu hata senti. Mtu akitaka kumpa chochote humwambia amwombee marehemu.

Yule mfanyakazi wa maji alirudi mwezi wa pili. Nafikiri alitumwa kuangalia kwa nini hatujaenda kubembeleza. Alipiga hodi, nikamkaribisha barazani, na kwa kuwa jua lilikuwa kali akaomba maji ya kunywa. Nikamletea ya kisimani. Akanywa, akatazama ndani ya gilasi, akanywa tena.

"Mwambie mama wenzake wote wanalipa," akaniambia.

Mama alikuwa nyuma ya pazia, akamjibu mwenyewe. "Mwanangu, siku ile ulikuta nyumba hii ina msiba. Uliona?"

"Niliona, mama."

"Umekunywa ukatosheka?"

"Nimetosheka."

"Basi nenda salama. Ada ya kukunywesha sikudai."

Aliondoka ameinamisha kichwa. Sikumwonea huruma wakati ule. Siku hizi namwonea kidogo.

Katika siku hizohizo za eda tulitoa nguo za baba, kama ilivyo desturi, kuwagawia wanaohitaji. Ndani ya mfuko wa kanzu yake ya Idi nilikuta risiti ya zamani iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya amana aliyoweka ofisini siku aliyotiliwa mfereji, fedha ya kurudishwa mtu akiuacha mfereji. Nilimsomea mama. Akaniambia niiweke vizuri, mtu asiiguse.

Siku eda ilipoisha alikoga, akavaa nguo mpya, akajifukiza udi. Ndugu walitazamia aende kwao kuwasalimu. Yeye akavaa buibui lake, akasema twende feri. Wanawake wa kisimani walikuwa wakimngoja mlangoni, na sijui nani aliwaambia. Tulivuka kundi zima, na tulipoingia, ofisi nzima ya maji ilinukia udi.

Karani alikuwa yuleyule.

"Ulisema mjane aje mwenyewe," mama akamwambia. "Nimekuja. Nataka amana ya mume wangu. Mfereji wenu siutaki tena."

Karani akaitazama risiti, akaenda ndani, akarudi. Alisema sawa, itatolewa, lakini itakatwa ada ya kufunguliwa na ada ya ofisi.

"Mlifungua lini?"

Akafungua kitabu chake, akaanza kupekua kurasa.

"Nakuuliza, baba. Maji mliyafungua siku gani? Hii si yangu peke yangu, ni mirathi ya watoto. Ukikata, andika hapo kwamba umekata ada ya maji ambayo hamkuyafungua, nami nitaweka dole gumba."

Nyuma yetu watu wa foleni walianza kunong'ona, halafu wakaacha kunong'ona, wakasema kwa sauti. Karani alihesabu amana yote, akamsogezea. Mama aliigawa usiku uleule kwa fungu la sheria. Fungu lake yeye, ile thumni ya mjane, moja katika nane, lilinunua kamba mpya ya kisima.

Uhuru ulikuja tukiwa bado tunateka. Tulishangilia kama watu wote, mama kwa vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Haukupita mwaka ikaja barua ya ofisi ya maji, juu yake nembo mpya na chini yake sahihi ya mtu wetu. Walitutangazia kwamba nyumba yetu inaweza kurudishiwa mfereji, mradi tulipe kwanza ada ya kufunguliwa na ada ya ofisi.

Nilimsomea mama mpaka mwisho. Akaniuliza kama ile kamba ingali nzima.