Mama Dipstiki hataki gari lipashwe moto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ubishi umeshapamba moto. Mwanamke mwenye aproni iliyojaa madoa ya oili za kila rangi amesimama mbele ya boneti ya gari dogo jeupe kama kipa anayesubiri penalti. Mbele yake, mkono umenyooshwa, yuko mdogo wa mumewe, fundi wa gereji ya jirani.

"Shemeji, nipe funguo niliwashe kidogo tu. Likipata moto kelele zinaisha."

"Hulipashi moto gari langu."

"Basi tia chupa moja ya dawa! Duka zima hilo ni lako."

"Na dawa sitii. Hebu kashike spana zako huko."

Fundi anaondoka akitikisa kichwa na kucheka peke yake. Saa moja anakuja mnunuzi, na gari hili lina aibu yake: likiwashwa asubuhi likiwa baridi, linagonga. Likiuzika leo, mama huyu atalipia chumba kitupu kilichopakana na duka lake, chumba anachokililia tangu mwaka jana. Lisipouzika, mwenye nyumba atampa muuza simu, ambaye jana alishakuja kupima madirisha ili aweke mapazia.

Katika safu hii ya gereji, wote wanamwita Mama Dipstiki. Jina amejitakia. Anauza oili za injini, oili za gia na dawa za kuongezea, lakini hakuuzii kitu mpaka akione kijiti cha kupimia oili, yaani dipstiki, cha gari lako. Anakivuta, anadondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, anasubiri litandae. Halafu anakutazama wewe.

"Wengine wananiona msumbufu," anasema. "Lakini daktari gani anakupa sindano hajakushika hata paji la uso?"

Kabla hajamaliza, anaingia dereva wa teksi. Gari lake bado linanukia upya. Anataka oili nzito kuliko zote dukani.

"Nzito ndiyo inalinda injini," anasema kwa kujiamini.

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Hao watu wamewahi kunywa asali kwa mrija?"

Dereva anaangua kicheko. Mama Dipstiki anamweleza polepole kwamba injini mpya ina njia nyembamba. Ukiitia oili nzito, asubuhi inachelewa kupanda, na vyuma vinasagana vikiwa vikavu. Nzito ni ya injini iliyochoka, ambayo nafasi zake zimeshapanuka. Dereva anakubali nyepesi, kisha anaomba na oili nyekundu ya gia, "yoyote ile."

"Yoyote! Hiyo yoyote ndiyo inayomjengea nyumba shemeji yangu pale," anasema, akielekeza kidole gereji. "Leta kitabu cha gari. Gia yako inataka ya kwake, haitaki ya jirani."

Dereva anaondoka na oili ya injini peke yake, akiahidi kurudi na kitabu.

Swali kubwa la Mama Dipstiki, hata hivyo, ni la wale wanaotaka dawa ya moshi, ile nzito inayotulizia injini iliyochakaa. Hao anawauliza: "Unaliendesha au unaliuza?" Anayeliendesha anauziwa na kuelekezwa. Anayeliuza anaoneshwa mlango, kwa tabasamu lakini anaoneshwa.

Haikuwa hivyo zamani. Mwaka jana alijinunulia gari hili jeupe la kubebea makopo yake. Lilikuwa kimya, halina hata uzi wa moshi, akalipa bila kuvuta kijiti, yeye Mama Dipstiki mzima! Siku ya kubadilisha oili, kilichotoka chini kilikuwa kinavutika kama gundi. Akakinusa, akakijua. Wiki moja kabla ya mauzo, yule aliyemuuzia gari alikuwa amekuja dukani kwake kununua chupa mbili za dawa ya moshi.

"Kwa mkono wangu huu nilimfungia kwenye mfuko," anasema, akiutazama mkono wenyewe. "Nikamwambia na karibu tena!"

Shemeji yake alicheka mpaka akakalia jeki. Naye akacheka. Kisha akaingia dukani, akafunga mlango, akalia.

"Sikulia kwa sababu ya gari. Nililia kwa kuwaza ni wangapi wamelizwa na chupa za kutoka rafu yangu."

Saa moja kamili mnunuzi anafika, mshonaji anayetafuta gari la kupelekea sare za shule. Mama Dipstiki anamkabidhi ufunguo.

"Kwanza gusa boneti, dada."

"Baridi."

"Haya, liwashe mwenyewe."

Gari linakohoa, linatoa moshi wa bluu, linaanza: ko-ko-ko-ko. Kule gereji, fundi anajifunika uso kwa kitambaa. Mama Dipstiki anamtajia mgeni yote: sili za valvu, zile zinazozuia oili kuungua, zimebadilishwa, gia ni nzima, lakini injini imezeeka, itatoa moshi na kugonga kila asubuhi. Anamwambia na oili ya kulitilia. Mikono yake, wakati wote huo, inaikunjakunja aproni.

Mshonaji anashuka.

"Wiki hii nimeona magari mawili," anasema. "Yote hayana hata sauti, na yote nimekuta boneti zina moto. Mimi mshonaji, mama. Nguo nikikatazwa kuigeuza nione mshono wa ndani, naiacha hapohapo."

"Sasa hili?"

"Hili nimeuona mshono wake. Punguza bei tuelewane."

Bei inapungua, tena si kidogo, lakini chumba kinatosha. Mama Dipstiki anampigia simu mwenye nyumba palepale, anaongea kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza simu. Humo ndani anataka kuweka mashine ya kubadilishia oili ya gia, inayoitoa chafu yote badala ya kuichanganya na mpya. Na mlangoni ataandika kwa herufi kubwa: NJOO NA GARI BARIDI.

"Anayetaka kununua gari la mtu aje hapa, tumsikilizie bure," anasema, machozi yakimlengalenga. "Mimi nilikosa wa kunisikilizia."

Mshonaji anaondoka na gari lake. Limeshapata moto, linapita mbele ya gereji kimya kabisa, halina moshi.

"Shemeji!" fundi anapiga kelele. "Sikia, limenyamaza! Si nilikwambia?"

"Liache linyamaze," anajibu Mama Dipstiki, akifuta kijiti cha mteja mwingine. "Limeshasema."