Penseli ya Ustadhi Wagdi

Ustadhi Wagdi, karani wa shule yetu ya sekondari ya wasichana pale Mahalla, hakuwahi kumpa mtu fomu ya mchepuo pamoja na kalamu ya wino. Alikupa penseli. Ukiomba kalamu alikujibu, "Wino ni wa Alhamisi. Leo Jumapili, mwanangu, nenda kabishane na roho yako kwanza."

Tulimcheka. Mimi pia nilimcheka, Mungu anisamehe. Mtu mzima wa miaka hamsini na tano, koti moja kiangazi na kipupwe, halafu kila mwaka anawaomba wanaomaliza shule vitabu vyao vikuukuu vya fizikia na kwenda navyo nyumbani! Tulisema mkewe anavifungia karanga.

Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja tu, lakini iligawa watu. Ukichagua sayansi, unasoma biolojia, na mlango wa udaktari unabaki wazi. Ukichagua hisabati, biolojia umeiaga na udaktari nao umeuaga. Utakwenda uhandisi, kama alama zitatosha. Fomu ikishapelekwa wilayani, hakuna kurudi nyuma.

Mimi nilitaka hisabati. Nilitaka kujenga madaraja, na hesabu ngumu ilinipa raha ambayo wenzangu waliipata kwenye harusi. Lakini baba yangu, Fundi Metwalli mshona mifarishi ya pamba ya kulalia, aliniita daktari tangu nina meno mawili, na mtaa mzima ukamfuata. Bayumi muuza maharage, kila nikipita, alinitolea ulimi niukague. Baba mwenyewe waliacha jina lake wakamwita Baba Daktari, na jina hilo alilivaa kama kanzu ya Idi. Sasa utamvuaje mtu kanzu yake hadharani?

Nikatia alama kwenye sayansi. Baba, ambaye hakujua kusoma, akatoa mhuri wake mdogo wa shaba, akaupulizia pumzi, akaugandamiza chini ya karatasi kwa furaha mpaka meza ikalia.

Jumatano nilipoirudisha fomu, Ustadhi Wagdi aliitazama, akanitazama.

"Insaf, umebonyeza penseli kama unachoma sindano. Hii ni alama ya mtu anayelia."

Machozi yakanitoka palepale. Nikamwambia yote. Kisha nikasema jambo ambalo mpaka leo naliona haya: "Ustadhi, mhuri wake si uko hapo? Nifutie, uweke hisabati. Hajui kusoma, hatajua."

Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile. Alisimama, kiti kikaanguka.

"Hivyo ndivyo nilivyofanyiwa mimi! Kwa siri, kwa wema! Nenda nyumbani!"

Mchana nilipompelekea Baba chakula dukani, nilimkuta Ustadhi Wagdi ameketi juu ya gunia la pamba, chai mkononi, nyuzi nyeupe zimemjaa kichwani. Fomu ilikuwa gotini mwake. Nikakaa mlangoni na sufuria langu la mboga ya mlukhiya.

"Udaktari una kasoro gani?" Baba alikuwa akiuliza. "Daktari atanitibu. Mhandisi atanifaa nini mimi?"

"Inua macho uone dari lako, fundi."

"Dari langu liache! Babu yangu alikufa chini ya dari hili."

"Naamini kabisa."

Baba akataka kucheka, akajizuia. Akachukua upinde wake wa kuchambulia pamba, akaupiga mara mbili bila pamba yoyote.

"Fundi," alisema Ustadhi Wagdi, "nilipokuwa na umri wa huyu binti nilishikwa na homa ya matumbo. Ami yangu akanijazia fomu. Akanitilia mchepuo wa fasihi, niwe hakimu. Mtaa ukaniita Mheshimiwa Hakimu, na mimi napenda fizikia kama wengine wanavyopenda chakula. Hakimu sikuwa, kama unavyoniona. Jioni nakokotoa maswali ya vitabu vya watoto wa watu. Ami alipokufa nilibeba jeneza lake kwa bega hili. Mtu mwema, alinilea. Na bado sijamsamehe."

Nilijua sasa vile vitabu huenda wapi, nikajichukia kwa zile karanga.

Baba alinigeukia. "Ni kweli, daktari wangu?"

"Ni kweli, Baba."

"Na ungesoma biolojia miaka yote hiyo kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Punda we," alisema, na midomo ikimtetemeka. Akamwendea Ustadhi Wagdi, akanyoosha kiganja. "Lete hicho kifutio chako. Alama yenyewe iko wapi? Nionyeshe, mimi kipofu wa karatasi."

Ustadhi Wagdi akamwekea kidole. Baba alifuta polepole, akapuliza, akafuta tena, kama anayetoa doa kwenye mfarishi wa bibi harusi. Kisha akanipa mimi penseli. Nikatia alama kwenye hisabati, na safari hii sikubonyeza.

Baba alitoka akasimama katikati ya njia. Bayumi, ng'ambo, alikuwa ameniona mlangoni na ulimi wake tayari uko nje.

"Rudisha ulimi wako, Bayumi!" Baba alipaza sauti mpaka madirisha ya juu yakafunguka. "Rudisha kabisa! Huyu si daktari. Mimi nilikosea. Huyu ni mhandisi!"

Sauti ilimkatika kwenye lile neno la mwisho. Akameza mate, akalirudia, ili hata wa madirishani wasikie.