Masereka Bila Mnyororo

Asubuhi ile Masereka alikuwa akigombana na mama yake juu ya chumvi. Alidai sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, limepikwa bila chumvi. Mama mtu akaapa kwamba ameitia kwa mkono wake mwenyewe. Nilikaa kibarazani nikawaacha wagombane. Kwa kazi yangu, ule ulikuwa ugomvi mtamu, maana mwaka uliotangulia kijana huyo alikuwa hagombani na yeyote ila sauti za kichwani mwake.

Mimi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Nazungukia nyumba zenye wagonjwa wa akili, nawakumbusha sindano na vidonge, nawasikiliza, na zaidi ya yote nagombana na ndugu zao. Masereka nilimkuta jikoni, mguu wake umefungwa mnyororo kwenye nguzo. Haukuwa ukatili. Alikuwa na tabia ya kutoka na kuufuata mto, na mama yake, mjane aliyetoka Beni, ng'ambo ya mpaka, hakuwa na wa kumwachia anapokwenda kuuza vitunguu sokoni Mpondwe. Huku kwetu watu humfunga wanayempenda, wakaenda kazini roho zimetulia.

Aliyeshauri mnyororo ni baba yake mkubwa, Mzee Bwambale, mwanajeshi mstaafu ambaye akikasirika husema Kiswahili cha kambini.

"Madam, unafungua mutu iko wazimu. Ikipotea, tutaitafuta wapi?"

"Mzee, huyu ameshapotea," nilimjibu. "Mimi ndiye namtafuta."

Dawa zilipomtuliza nilimwita fundi baiskeli, akaukata mnyororo kwa msumeno wa chuma. Kwa majuma mengi Masereka aliendelea kutembea kwa hatua fupi, kama bado umo mguuni. Kisha akaanza kuchuma kahawa, kisha kutumwa dukani, na sasa alikuwa amefika kwenye kulalamikia chumvi. Nilijivuna, sikatai.

Ugomvi ulipokwisha mama yake alijitwika mzigo wake akashuka Mpondwe. Mimi na Masereka tukaenda kuchuma kahawa nyuma ya nyumba. Mazungumzo yetu mazuri yote tuliyafanyia hapo, mikono ikiwa na kazi.

Mlio wa kwanza nilidhani ni lori limepasuka gurudumu.

Iliyofuata haikuniacha nidhani.

Watu wakaanza kupanda kutoka mpakani wakikimbia, magodoro vichwani. "Waasi wameingia sokoni!" mmoja alipiga kelele bila kusimama.

Masereka aliweka kikapu chini.

"Mama iko Mpondwe," alisema.

Nilimshika mkono. Nilimwambia mama yake anazijua njia zote za huko, atajificha. Aliviondoa vidole vyangu kimoja kimoja, taratibu, bila hasira. Akashuka kwa hatua ndefu.

Nilimfuata. Barabarani askari akanizuia kwa bunduki.

"Wewe mama! Rudi nyuma!"

"Afande, mgonjwa wangu amepita hapa."

"Mgonjwa ya nini?"

"Ya akili."

"Sasa nani iko wazimu, yeye ama wewe? Rudi!"

Nilimwambia sirudi. Sijui mdomo ule niliupata wapi. Alinisukuma mtaroni nikaanguka kifudifudi, na risasi zikapita juu yetu. Huenda aliniokoa. Nilimchukia hata hivyo, na mpaka leo sijamaliza kumchukia.

Tuliokimbia tulipelekwa Kasese, tukahifadhiwa kwenye shule. Nilipita darasa kwa darasa nikimwita Masereka. Aliyenijia ni mama yake, kanga imechanika, mzima. Mlio wa kwanza tu ulipotoka alikuwa ameuacha mzigo akapenya kwenye migomba.

"Madame, mutoto yangu iko na wewe?"

Nimefundishwa namna ya kumpa mtu habari mbaya. Siku ile sikukumbuka hata neno moja la mafunzo hayo. Nilimwambia kijana alishuka kumtafuta, kisha nikalia kabla yake.

Habari kamili ililetwa na Kavira, mfanyabiashara mwenzake huyo mama kutoka Butembo, aliyekuwa amejificha chini ya meza yake sokoni.

"Nilimuona na macho yangu," alisema. "Anapita katikati ya soko, anaita mama yake. Nikamuambia, 'Papa, ulale chini, banapiga masasi!' Hakulala."

Risasi iliyomuua ilikuwa ya nani, hakuna anayejua. Wanaojidai wanajua hawakuwepo.

Siku ya maziko tuliikuta nyumba yao imesimama. Moto haukufika upande ule. Mzee Bwambale alituonyesha jiko, ukuta hauna hata tundu moja.

"Jiko iko. Nguzo iko. Mutu haiko," alisema mbele ya waombolezaji wote. "Ingekuwa kwa mnyororo, leo inakunywa chai na sisi."

Na alisema kweli. Nimeligeuza jambo hili kila upande, na sitaki kujidanganya: akiwa amefungwa, Masereka angekuwa hai. Nilimwambia hivyo hivyo Mzee, kwa sauti, watu wasikie. Nikamwambia pia kwamba angekaa pale jikoni akizisikia risasi zinalia sokoni, akijua mama yake yuko huko, na asingeweza kuinuka. Mimi simtakii mtu uhai wa namna hiyo. Nikirudishwa nyuma leo, fundi nitamwita tena.

Wazee walianza kunung'unika. Mama Masereka akasimama.

"Shemeji, nyamaza," alisema. "Siku ile watu wote walikimbia. Ye peke yake alikuja kunitafuta."

Mzee alivua kofia yake. Mimi sikuona kwamba nimeshinda. Kaburi lilikuwa bado wazi.

Tangu vita vile minyororo imeongezeka, na nina kazi nyingi kuliko zamani. Juzi niliitwa hadi Nyakalengija, kwa baba mmoja anayeongoza wageni mlimani. Amemfunga binti yake kwa kufuli kitandani. Aliniuliza lile ambalo wote wananiuliza: vita vikirudi, akikimbilia kubaya, akafa?

Nikamwambia anaweza kufa. Nikamsimulia habari za Masereka tangu mwanzo, bila kumficha lile jiko lililobaki zima. Alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa.

Ndipo nikanyoosha mkono, nikaomba ufunguo.