Bwana Afya wa Dirishani

Tusajigwe alipigana na nzi kwa miaka ishirini na sita, na hakuwashinda hata siku moja. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Iringa. Kila muhula bwana afya alikuja na daftari lake, akasimama mlangoni pa jiko, akatazama maharage, akatazama dari, kisha akaandika neno moja tu: nzi. Tusajigwe alifunika masufuria, alipuliza dawa, alipunga kanga mpaka bega likamuuma. Muhula uliofuata bwana afya aliandika tena: nzi. Siku alipostaafu alipewa godoro na hotuba mbili, na nzi watatu wakamsindikiza hadi getini.

Akarudi Kilolo kwa mume wake Aroni, mkulima wa mahindi na maparachichi. Kiangazi cha kwanza alishuka kuchuma kabichi kwenye kinyungu cha shemeji yake Amos, bustani ya bondeni inayolimwa wakati kwingine kumekauka. Pembeni, penye tope lisilolimika, aliona vimea vyekundu vimelala chini, vidogo kama kifuniko cha soda. Vimejaa umande, na ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Akainama. Nzi mmoja akaja, akatua kwenye jani. Hakuondoka tena.

Tusajigwe alisimama pale mpaka miguu ikazama. Jani likaanza kujikunja polepole, na yule nzi ndani yake. Alicheka kwa nguvu hata Amos akaja mbio na jembe, akidhani kuna nyoka.

"Shemeji, kamwene!" Amos alimsalimu kwa Kihehe. "Unacheka na nani huko?"

"Na bwana afya," alisema. "Huyu hana daftari. Anafanya kazi."

Alichukua saba, akavipanda kwenye makopo ya siagi, akavipanga dirishani pa jiko. Kile kikubwa ndicho kilichopewa cheo cha Bwana Afya. Vingine vikawa wasaidizi. Binti yake Tumpe, mwalimu Mbeya mjini, alimsomea kutoka kwenye simu: maji ya mvua tu, udongo maskini, mbolea marufuku kabisa. Mmea huu unakula wadudu kwa sababu ardhi yake haina kitu, ukiunenepesha, unauua.

Aroni alisikiliza, na ilimwia vigumu. Alikuwa mtu wa samadi. Lundo lake lilionekana kutoka barabarani, na hakuna ugonjwa wa mche wala wa mti ambao hakuutibu kwa koleo mbili. Mahali pamoja tu palimshinda: nyuma ya jiko, chini ya bati, ambapo matone ya mvua yalisomba rutuba yote. Aliweka samadi, ikaondoka na maji. Akapanda maboga, yakaoza. Mwisho akapasusa, na Tusajigwe akapafanya pa kutupia udongo wa zamani kila alipobadilisha makopo.

Majirani walikuja kuomba chumvi, wakakaa dirishani nusu saa. Wengine waliuliza kama kuku wako salama. Mzee mmoja wa kanisa alivua kofia kabla ya kuchungulia, akaondoka bila kugeuza mgongo. Tusajigwe aliwajibu wote kwa fahari ambayo hakuwahi kuwa nayo hata siku ya hotuba mbili.

Mwaka wa nne Amos alichimba mifereji, akalikausha lile tope, akapanda viazi. Shamba ni lake, hakuna wa kumlaumu. Ila Tusajigwe alizunguka bonde zima na gumboti, asubuhi hadi jioni, asione hata kimea kimoja. Makopo saba ya dirishani ndiyo yaliyobaki. Kuanzia hapo alikuwa akiwaamkia kabla hajamwamkia mume wake.

Machi, mvua zikiwa zimekolea, Tumpe akajifungua. Ilibidi mama aende Mbeya kumkanda maji ya moto na kumpikia uji mpaka arobaini itimie. Kabla ya kupanda basi alimshika Aroni mkono.

"Baba Tumpe, maji ya ndoo ile ya bluu. Sahani za chini ya makopo zisikauke. Basi."

"Na chakula?"

"Watajitafutia."

"Na kwa baridi hii, kama hakuna nzi?"

"Watafunga. Usiwape kitu."

Wiki mbili za kwanza Aroni alipiga simu kila jioni. Bwana Afya amekamata mbu. Msaidizi wa tatu amemkosa sisimizi. Tusajigwe alicheka huku mjukuu yuko begani. Wiki ya tatu Aroni akapiga, akaanza kueleza habari za mawingu. Yalikuwa mazito upande wa mashariki. Kesho yake pia mawingu. Moyo wa Tusajigwe ukamlipuka, maana alimjua mume wake kwa miaka thelathini na mbili: mwaka alioikanyaga redio ya mkwe wake, alizungumzia mvua siku tatu mfululizo.

"Baba Tumpe, wanaendeleaje?"

"Wamepumzika," alisema Aroni, na simu ikakatika yenyewe, kama alivyodai baadaye.

Siku ya kurudi alimkuta kituoni amevaa koti la ibada. Jumatano! Tusajigwe alimwachia mizigo, akatangulia nyumbani, akaingia jikoni na viatu. Makopo yalikuwa saba, yamepanguswa vizuri, yamepangwa kwa mstari. Ndani yake kulikuwa na vitu vyeusi, na harufu aliyoifahamu.

"Uliwapa nini?"

"Kidogo tu."

"Kidogo cha nini?"

"Chai ya samadi. Kijiko kimoja kimoja." Aroni alizungusha kofia mikononi. "Walikuwa wamekonda, Mama Tumpe. Nikasema utarudi ukute nimewashindisha njaa watoto wako. Mimi katika nyumba hii sijawahi kulaza mtu na njaa."

Hiyo ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyomliza. Angekuwa ameyasahau makopo, angemgombeza akapata nafuu. Sasa utamgombezaje mtu aliyeamka usiku wa baridi kumnywesha kwa kijiko mgonjwa asiye mgonjwa? Alilia kwa ajili ya Bwana Afya, na kwa ajili ya bonde zima ambalo sasa halikuwa na hata kimoja. Siku mbili alipika na kupakua tu. Nzi mmoja alitembea ukingoni mwa bakuli la mboga, wala hakumfukuza.

Siku ya tatu alibeba makopo kwenda kuyamwaga. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo, bati bado linadondosha. Akainamisha kopo la kwanza, akasita. Pale chini, kwenye udongo mweupe uliooshwa na matone, kulikuwa na madoa mekundu. Alipiga magoti. Kila doa lilikuwa na umande wake, na doa moja, dogo kuliko kucha, lilikuwa limembana usubi.

Alihesabu hadi thelathini na moja, akapotea, akaanza upya. Kumbe udongo wa zamani ulikuwa na mbegu.

"Baba Tumpe!" aliita, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyokusudia. Aroni akaja mbio, akasimama mbali.

"Hapa uliweka nini?"

"Hapo? Mama Tumpe, naapa, sijaweka kitu. Hapo nilishakata tamaa siku nyingi."

Tusajigwe aliinuka, akamfuta mumewe tope kwenye kola kwa ncha ya kanga. Ndipo akacheka, kile kicheko cha kinyungu, mpaka Aroni naye akacheka bila kujua kimetokea nini.

"Basi mume wangu," alisema, "endelea hivyohivyo kukata tamaa."