Mmea Uliofanana na wa Bukavu

Agosti ya mwaka 2015 nilikuwa mwanafunzi ughaibuni, mjini Louisville, nikiishi mtaa wa Newburg, mlango mkabala na mama mmoja Mkongo aliyefanya kazi ya kufunga mizigo ghalani. Jumamosi moja asubuhi alibisha hodi akiwa na fungu la mimea yenye maua ya manjano. Alikuwa ameing'oa pamoja na mizizi kwenye ukingo mkavu wa barabara, karibu na kituo cha basi.

"Dada, hii minaijua," alisema. "Kwetu Bukavu tunachemusha majani, tunakunywa, tumbo inafunguka. Mutoto wangu ana siku tatu hajaenda choo."

Nilimwomba asimpe mtoto kitu mpaka nirudi.

"Bon. Lakini usikawie."

Nilichukua shina moja nikalipeleka kwa mwalimu wangu wa mimea, ambaye Jumamosi alishinda kwenye bustani ya chuo. Njiani majani yalianza kujikunja kama ya kifauongo. Mwalimu hakuanza na ua, alianza na mzizi. Ulikuwa mwembamba.

"Huu unaota, unachanua na kufa mwaka huohuo," alisema, kisha akanipa lenzi. Chini ya jani, kwenye kikonyo, palikuwa na kitone chenye umbo la kisahani. Sisimizi mmoja alikuwa bado amekikumbatia, akinywa majimaji yake matamu. "Basi ni kunde ya kware. Una ndugu yake mrefu, unaoishi miaka mingi, na huo ndio wa dawa. Huu nao unaweza kuharisha, ila kipimo cha mtoto sikijui. Asipewe."

Niliporudi, kikombe cha chai ya majani yale kilikuwa mezani, kinapoa.

"Umempa?"

"Hapana. Nilionja mimi. Haina uchungu. Ile ya kwetu ni chungu sana." Alikuwa amekwisha kujua kwamba sio wenyewe kabla sijafungua mdomo. Nilimweleza ya mwalimu hata hivyo, naye akaimwaga chai kwenye sinki.

Mtoto alikula papai, akanywa maji ya uvuguvugu, na jioni akaenda choo.

"Hapa wanaitaje?" mama aliuliza.

Nilimwambia: kunde ya kware, kwa sababu ndege hao hula mbegu zake.

"Donc ni chakula ya kuku," alisema, akacheka. "Nilifurahi sana kuiona pale barabarani. Nilisema, angalau kitu kimoja huku minakijua."